Meno, chumvi na mashine: nani anajua mahindi yamekauka?

Kila msimu wa mauzo, kuanzia Julai hivi, mzozo ni ule ule kwenye vituo vya kununulia mahindi vya Nyanda za Juu Kusini. Tuseme ni Makambako, saa 2 asubuhi, ukungu haujapanda. Mama ameshapanga magunia yake juu ya turubai. Kijana wa ubora anasogea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Kisha anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, ubavuni mwa gunia, punje zinamiminika kiganjani, zinaingia kwenye kipima unyevu, na kioo kinaandika 14.8.

"Mama, bado haya. Mwisho wetu 13 na nusu."

Mama hajibu. Anachagua punje mbili, anaziweka kwenye magego, anauma. Ka! Imepasuka pande mbili, haikubonyea hata kidogo. "Umesikia mwanangu? Bichi linalia hivyo?"

Hapo kuna watu wawili, kila mmoja anaapa kwamba anajua. Wapo watakaosema mashine ndiyo inayojua na mama anakisia tu. Wapo pia, hasa waliochoshwa na wataalamu wanaoshuka kwenye gari na kalamu mkononi, watakaosema mama ndiye anayejua kwa sababu amelima miaka thelathini na mashine imezaliwa juzi. Mimi naona majibu yote mawili ni ya uvivu. Wanafalsafa wamebishania asili ya maarifa kwa zaidi ya miaka 2,300, na katika mabishano yao kuna jambo moja ambalo mkulima wa Njombe angelielewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo: ukitaka kujua maarifa fulani ni ya namna gani, yatazame yanapokosea. Jino lina kosa lake, chumvi ina kosa lake, mashine ina lake. Asiyejua kifaa chake hukosea lini bado hajakijua kifaa.

Tuanze na jino. Jino linapima ugumu. Punje yenye unyevu wa asilimia 18 au 20 hubonyea kidogo kabla ya kukatika, na unga wake hugandamana ulimini. Ikishuka kuelekea 14 hupasuka ghafla, kwa mlio. Hicho ni kipimo halali kabisa. Udhaifu wake wa kwanza ni mbegu: mahindi yenye punje ngumu, zile zinazong'aa kama gololi, hulia "ka" mapema kuliko yale yenye bonde kichwani na wanga laini ndani. Aliyezoea mbegu moja akibadilisha mbegu, jino lake linabaki na kumbukumbu ya ile ya zamani. Udhaifu wa pili ni idadi. Punje moja ina uzito wa kama theluthi ya gramu, kwa hiyo gunia la kilo 100 lina punje karibu laki tatu, na mama ameuma mbili. Tena kwa kawaida mkono huchota za juu, zilizopigwa na jua jana jioni, wakati za katikati ya gunia hazijaliona jua tangu zilipofungwa.

Chumvi ni njia ya pili, na mabwana shamba wengi huifundisha kwa sababu haina gharama. Chukua chupa ya kioo isiyo na rangi, kavu, yenye kifuniko; ya ujazo wa mililita 750 inafaa. Jaza mahindi hadi theluthi moja. Tia vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo. Basi, haisemi zaidi. Haiwezi kukuambia kama ni 14.8 au 12, na anayeuza kwenye kituo chenye ukomo wa 13.5 akitegemea chupa peke yake anajipeleka kwenye foleni ya kurudishwa.

Mashine nayo haipimi maji, ingawa kioo chake kinatuaminisha hivyo. Inapima namna punje zinavyopitisha au kuhifadhi umeme, kisha inageuza jibu hilo kuwa asilimia kwa kufuata jedwali lililowekwa kiwandani, kila zao na jedwali lake. Mtu aliyepima maharage asubuhi akasahau kurudisha alama ya mahindi atasoma uongo siku nzima, na uongo wenyewe utakuwa na nukta ya desimali. Kuna na kosa lingine ambalo limeleta magomvi mengi kuliko hilo. Mahindi yaliyoanikwa juani mchana mmoja hukauka ganda kabla ya moyo. Baadhi ya vipima unyevu husikia zaidi hali ya ganda, kwa hiyo jioni vinasoma 13.4. Usiku unyevu wa ndani unatoka polepole hadi nje, na asubuhi yale yale yanasoma 14.2. Mkulima anasema mashine ya kituo ni ya wizi, kwa sababu ya kijijini ilimpa 13.4. Inawezekana mashine zote mbili ni nzima. Yaliyobadilika ni mahindi. Dawa yake ni kuyaacha yalale usiku mmoja kwenye turubai lililofunikwa, kisha yakorogwe ndipo yapimwe.

Na mashine imejuaje? Imefundishwa na tanuri. Maabara huchukua sampuli iliyopimwa uzito, huikausha kwenye tanuri la nyuzi 103 kwa saa 72 bila kuisaga, kisha huipima tena. Zilikuwa gramu 100, zimebaki 87, basi unyevu ulikuwa asilimia 13. Tanuri linategemea mizani. Mizani inategemea mawe ya kupimia, na mawe yanategemea mhuri wa Wakala wa Vipimo, ambao nao una mawe yake makuu. Mtoto msumbufu anayeuliza "na hilo umejuaje?" kila akijibiwa angetufikisha mbali sana.

Wagiriki wa kale walimtambua mtoto huyo. Sextus Empiricus ametuachia maelezo ya wenye shaka waliosema kwamba mlolongo wa sababu hauna namna nyingi za kuisha: ama uendelee bila kikomo, ama uzunguke ujirudie, ama usimame mahali ambapo mtu anasema "hapa hatuulizi tena". Shule kubwa za falsafa zimegawanyika hapo. Descartes, mwaka 1641, alitaka kusimama kwenye jambo moja ambalo hata pepo mdanganyifu hawezi kulitikisa, yaani kwamba mimi ninayefikiri nipo. Wengine wameona mzunguko si aibu, ilimradi ni mpana: jino, chumvi, mashine na tanuri vinashikana kama miti ya paa, hakuna ulio peke yake msingi. Kwenye suala la mahindi mimi ni wa kundi hili la pili. Sijawahi kusikia gunia lililojengewa msingi wa Descartes.

Lakini rudi kwenye ile 14.8. Kwa chumvi, mahindi ya mama yako chini ya 15. Kwa jino, yanalia. Kwa mashine, yamezidi 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka. Hakuna aliyesema uongo. Mama anaposema "yamekauka" ana maana yanapukuchulika, yanasagika, na yatakaa kwenye kihenge kinachopitisha hewa mpaka wali wa Krismasi bila kuvunda. Kituo kinaposema "yamekauka" kina maana yatapangwa magunia kwa maelfu, yafunikwe turubai yapigwe dawa ya wadudu, yakae miezi au mwaka bila kujipasha joto katikati. Nusu ya mzozo wao ni wa neno. Mabishano mengi juu ya "sayansi" na "maarifa ya asili" huwa hivyo: watu wamekubaliana kuhusu ulimwengu bila kugundua, wakaachana kwenye neno.

Nusu ya pili ni ya kweli, na hapo falsafa inasaidia. Platoni aliuliza: mtu anayeijua njia ya kwenda Larissa, na mwingine ambaye hajawahi kwenda ila amekisia sawasawa, si wote watafika? Watafika. Kwa nini basi tumsifu wa kwanza? Jibu lake lilikuwa kwamba kisio la kweli ni kama sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, zilizosemekana hutoroka zisipofungwa. Kwetu angesema mbuzi. Kamba inayomfunga mbuzi huyo ni sababu. Kutokana na hapo ikakaa ile tafsiri inayofundishwa kila chuo: kujua ni kuamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini.

Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliandika makala ya kurasa tatu tu, akaonyesha kamba hiyo haitoshi. Mmoja wa mifano yake ni wa watu wanaoomba kazi na sarafu mfukoni. Tuache, chupa ya chumvi inatosha. Mahindi yako yana unyevu wa 17. Chumvi yako ilikaa jikoni bila kufunikwa wiki nzima kwenye baridi ya Julai ya Njombe, imenyonya maji. Unafuata hatua zote, unatikisa, chumvi inaganda ukutani, unasema: mabichi. Kweli ni mabichi. Unaamini, ni kweli, na sababu unayo. Lakini chumvi ile ingeganda hata kama ungetia kokoto. Je, ulijua?

Wengi husema hapana, ulibahatika. Jambo linalonifurahisha ni kwamba fumbo hili si la Gettier peke yake wala si la Ulaya. Dharmottara, mwanafalsafa wa Kibuddha wa karne ya 8, ana mfano wa moto uliowashwa kuchoma nyama, bado haujatoa moshi, na wadudu wamejaa juu yake wakifuata harufu. Mtu wa mbali anawaona wadudu, anadhani ni moshi, anasema "pale kuna moto". Moto upo. Anajua?

Tangu 1963 zimeandikwa kurasa nyingi kutafuta kamba ya pili. Alvin Goldman alishauri tuache kumuuliza mtu sababu zake na tuuangalie mtambo uliomletea imani hiyo: kwa kawaida unatoa majibu sahihi au hautoi? Hili lina matumizi ya moja kwa moja. Fanya chupa mbili. Ya kwanza mahindi na chumvi. Ya pili chumvi peke yake, tikisa vile vile, subiri dakika 15 zile zile. Chumvi ya chupa ya pili ikiganda, tupa majibu ya ile ya kwanza. Kisha weka chumvi kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, koroga mpaka inateleza kama mchanga, ipooze ndani ya kopo lenye mfuniko, urudie. Chupa ya pili haina kazi nyingine duniani zaidi ya kukuambia kama ya kwanza ina haki ya kusikilizwa. Nadhani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa sayansi.

Hapa lugha yetu ina mambo ya kusema. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja pale ambapo lugha nyingine zina viwili au vitatu: najua kwamba mvua ilianza Novemba, najua kuchonga mpini, namjua mwenyekiti. Gilbert Ryle wa Oxford, mwaka 1949, alijipatia jina kwa kutenganisha lile la kwanza na la pili, kujua kwamba na kujua kufanya. Kiswahili kinayaunganisha kwenye kitenzi, kisha kinayagawa kwenye nomino: elimu, maarifa, ujuzi, weledi, uzoefu, hekima. Hakuna anayesema fundi seremala ana "elimu ya mbao" akimaanisha mkono wake, atasema ujuzi. Na tuna mjuzi na mjuaji, mzizi mmoja, heshima mbili tofauti kabisa. Halafu kuna "utanijua!" ya ugomvi wa mtaani. Anayetishiwa analijua jina, anaijua sura. Anachoahidiwa ni kujua kwa kuonja.

Wasomi wawili waliofanya kazi Nigeria, Barry Hallen na J. Olubi Sodipo, walichapisha mwaka 1986 utafiti walioufanya na waganga wa Kiyoruba juu ya maneno mawili, *mọ̀* na *gbàgbọ́*. Kwa maelezo yao, Myoruba makini hutumia la kwanza, kujua, kwa kile alichokiona mwenyewe. Yale aliyosimuliwa, hata na mwalimu, hata na kitabu, ni ya neno la pili, linalokaribia kuamini. Kwa kipimo hicho, wengi wetu hatujui kwamba dunia inalizunguka jua. Tumekubali tuliyoambiwa na watu tunaowaheshimu. Wenye elimu ya dini ya Kiislamu watakumbuka ngazi za yakini: mtu ameambiwa kuna moto, ameuona moto, umemuunguza. Ngazi tatu, neno moja, yakini. Na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza yakini aliyoitafuta kwa mfano mkali: ninapojua kwamba kumi ni zaidi ya tatu, akija mtu akasema sivyo na akageuza fimbo kuwa nyoka kunithibitishia, nitashangaa alivyofanya, lakini kumi itabaki zaidi ya tatu.

Sasa, kipimo kikali hivyo kikiletwa milimani kwetu kinafanya nini? Kisa cha kipunji kinajibu vizuri.

Mei 2005 jarida la Science lilitangaza kima mpya kwa sayansi, mwenye manyoya marefu ya kahawia na nywele zilizosimama utosini, anayeishi kwenye misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, na pia msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, upande wa Iringa, kama kilomita 350 mbali. Makundi mawili ya watafiti yalimkuta bila kujuana. Jina lake la kisayansi lina neno *kipunji*, na neno hilo ni la Wanyakyusa. Upande wa Rungwe kazi ilianza na mahojiano ya wawindaji, waliotaja kima mwenye aibu aitwaye kipunji. Watafiti walisita, kwa sababu katika masimulizi yale wanyama wa kweli walitajwa pamoja na viumbe wa imani. Walimwona kwa mbali Mei 2003, na vizuri kabisa Desemba mwaka huo.

Mwandishi wa haraka ataandika "wazungu waligundua, wenyeji walikuwa wanajua", akaishia hapo. Ni kweli, na mwanafalsafa Miranda Fricker mwaka 2007 aliipa jina dhuluma ya kushusha neno la mtu kwa sababu ya alivyo na si kwa alichosema. Lakini endelea na kisa. Walipomtangaza 2005 walitegemea picha na sauti, na picha zilipewa nafasi ya mzoga wa mfano unaohifadhiwa makumbusho. Wenzao wengine wakalalamika kwamba picha haitoshi. Wakamweka kwenye ukoo, yaani jenasi, ya *Lophocebus*, kwa kumtazama. Baadaye mwaka huo huo kipunji mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima shambani kwa mahindi, Rungwe. Vinasaba vilipopimwa, ikaonekana undugu wake wa karibu ni nyani, yaani wale wale nyani wa kawaida, ingawa kwa umbo hafanani nao. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923.

Tazama makosa yalivyogawana. Wawindaji hawakukosea kuhusu kuwepo kwake, wala makazi, wala haya zake; hawakuwa na njia ya kujua udugu wake wala kwamba yuko pia Ndundulu na kwingine kokote duniani hayupo. Watafiti walikosea ukoo kwa kutegemea macho, na wangekosa mnyama mzima kama wangetegemea ramani na vitabu vyao tu. Mtego wa mahindi, ambao haukuwekwa na mwanafalsafa yeyote, ndio uliosahihisha jenasi. Ukiniuliza nani alimjua kipunji, nitakuuliza: alijua nini juu yake?

Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki 2022, alitoa onyo ambalo halijazeeka: usilinganishe imani za mitaani za Afrika na sayansi ya Ulaya halafu ukatangaza tofauti ya bara na bara. Linganisha imani za mtaani na imani za mtaani, sayansi na sayansi. Mkulima wa Ufaransa naye huuma punje. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda hatua nyingine. Aliwahoji wazee wa Kenya na akatenganisha wenye hekima wa namna mbili: yule anayeijua mila ya watu wake na kuieleza vizuri, na yule anayeijua kisha akaihoji, akasema hapa mila inakosea na sababu yake ni hii. Wote wanaheshimiwa kijijini. Wa pili tu ndiye aliyemwita mwanafalsafa.

Kigezo cha Oruka nakipenda kwenye ngoro, mashimo ya kulimia mteremkoni ya Wamatengo wa Mbinga, kwa sababu ngoro ni ujuzi ambao wengi huusifu bila kueleza unafanyaje kazi. Mvua kubwa zikikaribia kuisha, kwenye Machi hivi, nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke kama wiki mbili. Kisha hulazwa mteremkoni kwa mistari inayokatana, kuunda miraba ya mita 1.5 hadi 2 kila upande. Akina mama hufunika mistari ya nyasi kwa udongo wa juu, hutupia maharage, kisha huchimba katikati ya mraba na kuyafunika kwa udongo wa chini zaidi. Katikati hubaki shimo, pande zote nne matuta. Maji ya mvua yakishuka mlima yanasimama shimoni, yanaacha tope, yanazama. Magugu ya palizi yanatupwa humo humo yaoze. Msimu wa mahindi, mahindi yanapandwa kwenye matuta yale yale yenye mboji ya nyasi tumboni.

Udhaifu wa ngoro uko kwenye tuta moja. Nyasi zikilazwa chache, tuta linakuwa udongo mtupu. Mvua kali ikija linapasuka, maji ya shimo la juu yanaingia la chini yakiwa na kasi, la chini nalo linapasuka, na kwenye mteremko mkali mtu anakuta asubuhi mfereji wa kutoka juu hadi bondeni. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wa Kyoto waliufanyia kazi mfumo huu kwa kina, na thamani ya kazi yao haikuwa kuwafundisha Wamatengo ngoro. Ilikuwa kuandika sababu kwa lugha inayosafiri. Mkono wa Mbinga hausafiri. Mtu wa Makete akisoma "chimba mashimo ya mita 1.5" bila kuambiwa nyasi ziwe nene kiasi gani, atachimba, yatapasuka, atasema ngoro ni hadithi. Mwanafalsafa Michael Polanyi alisema tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Mimi ningeongeza kwamba kinachobaki bila kusemwa mara nyingi ndicho kinachozuia tuta lisipasuke.

Kuhusu upande wa jamii nitapita haraka kwa sababu umeandikwa sana, ila hesabu moja lazima iwekwe mezani. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa 18 yakikaushwa hadi 13 yanabaki kilo 94 na robo: kitu kikavu ni kilo 82, gawanya kwa 0.87. Karibu kilo 6 zimekwenda hewani, na mwenye gunia ndiye anayezilipia. Kwa hiyo muuzaji ana faida ya kusema "yamekauka" na mnunuzi ana faida ya kusema "bado", hata kabla hawajaonana. Halafu mashine iko mkononi mwa upande mmoja. Hapo hata kipimo sahihi kinasikika kama hukumu. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni hivyo hivyo: kila mtu anajua gunia la viazi ni kilo 100, na kila mtu analiona lenye kilemba likiondoka shambani Uporoto kwa bei ya 100. Maarifa yapo pande zote mbili. Kilichokosekana ni mizani pale pale barabarani na mtu wa kusimama nayo.

Kuna mahali ambapo meno, chumvi na mashine vyote vinashindwa kwa pamoja. Sumukuvu, hapa nina maana ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, haina ladha, haina harufu, na punje yenye sumu inaweza kuwa nyeupe kuliko wenzake. Ukomo wa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Ukungu unaoitengeneza hupenda joto na ukame, kwa hiyo sisi wa baridi tuna nafuu fulani, lakini baridi na unyevunyevu vina ukungu wao mwingine, wenye sumu zake, unaoozesha magunzi shambani. Kukausha kunazuia ukungu usiendelee. Sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki, na kupika ugali hakuiondoi. Tena haijasambaa sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, na bambo likapita pembeni yake. Maabara yenye mashine ghali itasoma sifuri kwa uaminifu kamili, kwa sababu ililetewa konzi isiyokuwa na punje hizo. Kosa liko kwenye mkono uliochota, si kwenye kioo. Ndiyo maana utaratibu unadai kuchoma magunia mengi, juu, katikati na chini, kuchanganya yote, kusaga, ndipo kupima kidogo. Kwa sumukuvu hakuna mzee wala mjukuu anayejua kwa kuona, na huyu ndiye mfano wangu kwa wanaosema uzoefu unatosha.

Kwa unyevu, lakini, jino linafundishika. Siku mashine ipo kijijini, chota konzi nne kutoka magunia tofauti, zipimwe, ziandikwe: tuseme 19, 16, 14.5 na 13. Zifunge kwenye vifuko vya nailoni visivyopitisha hewa. Uma za kila kifuko punje kumi, siyo mbili, huku umeziangalia namba. Kesho yake uma tena bila kuangalia, umpe mwingine avichanganye, useme namba kwanza ndipo ufungue karatasi. Mbegu ikibadilika, anza upya. Wengi huweza kutenganisha 19 na 16 siku ya kwanza, na 16 na 14.5 baada ya kurudia rudia. Kati ya 14.5 na 13 jino hubabaika, na mlio ni ule ule. Hapo ndipo mama wa Makambako aliposhikwa: jino lake halikudanganya, liliulizwa swali lililo nje ya mpaka wake. Anayarudisha nyumbani magunia yake, anayamwaga kwenye turubai siku mbili, anayageuza kila saa, anayafunika usiku. Akirudi kituoni safari hii, bambo linachoma, kioo kinaandika 13.2, na yeye anauma punje moja kwa mazoea. Inalia kama ile ya juzi.